Kitabu kisicho na kurasa za mwisho

Wiki hii gazeti limetuuliza: msomaji akiingia maktaba akaomba riwaya ya kumnyima usingizi na kumwachia la kufikiria, utampa ipi?

Mhariri, swali hili nimelijibu kwa mdomo miaka kumi na saba, nikiwa nyuma ya meza ya kuazimia vitabu hapa Kigoma. Nimestaafu, ila siku mbili kwa wiki nawasaidia vijana katika chumba kidogo cha kusomea huku Mwanga, rafu nne na mabenchi mawili, kwa hiyo bado naulizwa. Jibu langu fupi ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Jibu refu linaanzia kwa kijana wa bodaboda.

Alikuja mchana wa jua kali, helmeti mkononi. "Mzee, nipe kitabu cha kusoma kijiweni abiria wakikosekana. Kisiwe cha mapenzi." Nikampa huo Mzimu. Siku ya tatu karudi amenuna. "Mzee wangu, hapa umenionea." Akafungua nyuma: kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka, zimebaki nyuzi mbili na gamu iliyokauka, rangi ya chai ya rangi. Aibu ilikuwa yangu, kwa maana nakala hairudi rafuni bila kupekuliwa. Nikataka kumsimulia mwisho ili tumalizane. Akaziba masikio. "Usiseme!" Halafu akatoa mfukoni risiti ya sheli. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa peni majina matatu ya aliowashuku kuwa ndiye muuaji, na mbele ya kila jina sababu yake. Jina moja lilikuwa limekatwa, likaandikwa upya, likakatwa tena.

Sitawaharibia uhondo. Nitasema tu kwamba moja kati ya yale majina lilikuwa ndilo, na sababu aliyoliandikia haikuwa yenyewe.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nawagawa wasomaji mafungu mawili. Huku wapenda upelelezi, watu wa kupitisha muda. Kule wasomaji wa vitabu vizito, walimu na wanafunzi. Hata rafu niliziweka mbalimbali. Ile risiti ilinivunja. Huyu mtu alikuwa amefanya kazi ya kufikiri kuliko wanafunzi wengi niliowaona wakinakili dhamira na maudhui kutoka kwenye daftari la mwenzao.

Na Abdulla alikiandika kitabu chake kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Hadithi ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikatoka kitabu 1960, na ndipo wengi wetu tulipokutana na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayemfuata nyuma kwa maswali. Maiti inakutwa mzimuni. Mahali pa kuogopwa, kwa hiyo nusu ya mji wana jibu tayari, na jibu lenyewe haligusi mkono wa mtu. Bwana Msa hagombani nao. Anauliza tu nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani alisema kitu ambacho hakupaswa kukijua. Sasa mpe msomaji wa huku kwetu kitabu hicho. Kanda hii ya magharibi na ile ya ziwa tunajua habari za vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, kisa macho mekundu ya moshi wa kuni. Yule kijana alirudisha kitabu akaniambia, "Huyu Bwana Msa angehamia kwetu asingekosa kazi." Nikamwambia angekosa wa kumlipa.

Kipimo changu nilikipata hapo. Riwaya ya taharuki naipima kwa haki anayotendewa msomaji. Muuaji awe tumeshakutana naye, tumemwamkia, pengine tumempenda. Riwaya inayomleta mkosaji sura ya mwisho kutoka Nairobi au kuzimu, mtu ambaye hatukuwahi hata kumsikia, hiyo naiona ni utapeli, na ziko nyingi. Sizitaji, waandishi wake wengine bado wako hai na nasikia wanasoma magazeti.

Najua wasomaji wa Kigoma watanisuta: na Ben Mtobwa je? Mtoto wa mkoa wetu, aliyezaliwa 1958 na kufariki 2008, nimuache kwa ajili ya Mzanzibari? Simuachi. Mpelelezi wake, Joram Kiango, ndiye aliyewafanya vijana wa rika langu wasome kwa kibatari jenereta la mji likizimwa. Tutarudi na Roho Zetu? nilikisoma usiku mmoja, nikaamka macho kama nyanya. Ila huyo Joram anakimbia mno, na msomaji naye anakimbia, hapati pa kukaa afikiri. Kwa anayetaka Mtobwa mwenye kutua, ninampa Zawadi ya Ushindi, inayotokana na vita vya Kagera. Hapo hamna mpelelezi, na bado moyo unadunda.

Cha pili baada ya Abdulla ni Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha 1972. Hiki nimekipima kwa mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye alikuwa akinisomea mawazo yake kwa sauti akirudisha kitabu, foleni ikisubiri. Humo hamna maiti ya kutafutiwa mwenyewe. Kuna mzee tajiri Mwinyi, kijana Idi, na Bahati katikati yao, na hofu yote iko katika kumwona msichana akisukumwa hatua kwa hatua na mtu anayemwamini. Mama yule alikuwa akisema, "Nilitaka kumpigia kelele, mwanangu usikubali!" Halafu alinyamaza, akaniuliza kama ninadhani Bahati naye hakuwa na tamaa yake. Nilimwambia sijui. Akasema yeye anajua, ila hatasema mbele ya watu wa foleni.

Cha tatu, na hiki simpi kila mtu, ni Haini cha Adam Shafi, kilichotoka 2003. Hamza anatiwa jela baada ya mkuu wa nchi kuuawa. Mwandishi mwenyewe aliwahi kufungwa kufuatia mauaji ya Karume ya 1972, kwa hiyo akikwambia mlango wa chuma unalia hivi, unajua hakuusikia kwenye redio. Taharuki yake ni mbaya kuliko ya muuaji aliyejificha: watesaji wanajulikana, wanasalimia, wana zamu za kazi. Kinachokukosesha usingizi ni kutojua kesho wataita jina la nani. Namuuliza msomaji kwanza kama nyumbani kuna msiba au mtu mahabusu. Akisema ndiyo, nampa Bwana Msa mwingine, Kisima cha Giningi au Siri ya Sifuri, na Haini kinasubiri.

Mtaona sikutaja Nagona cha Kezilahabi. Ni kitabu kikubwa na chembamba. Nimewahi kumpa mtu kikiwa cha kwanza, kwa kujionesha mjuzi, na mtu yule sikumwona tena mlangoni. Kezilahabi anayefaa kuanzia ni Rosa Mistika, kile ambacho mashuleni kiliwahi kupigwa marufuku. Ukimwambia kijana neno "marufuku" hutahitaji kukisifia.

Yule wa bodaboda amefika kwenye Haini. Kiu alikipita haraka, akasema Idi anamjua, yuko kijiwe cha jirani. Ila bado ananidai mwisho wa Mzimu, na ile risiti kaibandika ndani ya jalada kwa selotepu ili msomaji anayefuata aongeze jina lake. Sasa yako sita, kwa mwandiko wa watu wanne. Kama kuna msomaji wa gazeti hili mwenye nakala kamili, naomba anipigie fotokopi ya kurasa za mwisho. Nitazitia kwenye bahasha, niigundishe kwa gamu, na atakayeifungua kabla ya kuandika jina lake atafagia chumba wiki nzima.