Taa zinafifia kila besi ikipiga

SWALI: Kaka fundi, niko Goma, nilifunga ampli ya wati 500 kwenye gari, sasa usiku besi ikipiga taa zinafifia. Ninunue batri kubwa?

JIBU: Ndugu, batri ngoja kwanza, tuangalie fili, yaani waya unaopeleka umeme wa batri kwenye ampli. Wati 500 za kweli zinaweza kuvuta ampea 50 hivi, fili nyembamba inapata moto na volti zinashuka njiani. Weka ya milimita mraba 16 ao 25, shaba yenyewe, si aliminiamu iliyopakwa shaba, na fili ya masi, ile inayofungwa kwenye chuma cha gari, iwe unene uleule, fupi, ishike chuma kilichokwanguliwa rangi. Fizibo, ile inayokata umeme ukizidi, ikae karibu na batri, sentimita 30 hivi, maana fili ikichubuka na kugusa chuma bila fizibo gari inaweza kuungua, hapo sikubembelezi kabisa. Taa zikiendelea kufifia, pimisha alternateri, ile inayochaji batri injini ikizunguka.