Kabla Hamjamwaga Zege

Wiki iliyopita mchungaji mmoja wa Kayole, Nairobi, aliniandikia. Ushirika wake umefukuzwa kwenye ukumbi wa shule waliokuwa wakikodi, na sasa waumini wanataka harambee wajenge kanisa la mawe. Tujenge, tusijenge? Ndugu mchungaji, swali lako limenigusa kidonda.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi miaka sita, huku Eastlands. Tulianzia kibanda cha mabati. Mvua ikinyesha, mhubiri ananyamaza, tunaimba hadi ipungue. Mimi niliona aibu, nikataka la mawe upesi. Nikagawa bahasha za ahadi, na kila Jumapili nikawa nasoma majina mbele ya watu: nani amelipa, nani bado. Mama mmoja muuza sukuma wiki aliniletea shilingi 200 zilizofungwa kwenye ncha ya leso, noti zimelowa maji ya mboga. Nikamwandikia risiti. Baadaye nyumba yake iliungua. Alipokuja kuomba msaada nilimjibu kwamba pesa zote zimeingia kwenye simenti. Ilikuwa kweli. Hakurudi tena kanisani kwetu.

Jengo likakamilika, vigae vinang'aa. Wazee wakaamua geti lifungwe Jumatatu hadi Jumamosi, vigae visichafuke. Nilipoomba tuwafungulie watoto wa mtaa wasomee mle jioni, nilitolewa kwenye kamati kwa barua ya mistari miwili. Bado inaniuma.

Msinielewe vibaya, sidharau jengo. Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, nilisali sebuleni miezi ile nikitamani tu kusikia wenzangu wakiitikia "Amina". Tuliporuhusiwa mwezi wa Julai, watu 100 kwa saa moja, nilishika ubao wa benchi nikalia. Ni kweli, kanisa la Prisila na Akila lilikutana nyumbani mwao, Warumi 16 inasema. Na Suleimani mwenyewe, akiliweka wakfu hekalu, alikiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu. Lakini watu wanahitaji mahali.

Tazameni All Saints Cathedral, kanisa kuu la Kianglikana jijini Nairobi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917, enzi za gavana na walowezi. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi pale Uhuru Park, walikimbilia humo, wakakaa miezi mingi wakiwadai wana wao. Mlango ulikuwa wazi.

Basi jengeni, lakini msisome majina ya wasiolipa. Tengeni mfuko wa wenye shida kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, na msiuguse hata fundi akigoma kwenye lenta. Narudia, msiuguse.

Ramani ikiwa tayari nitumie, mchungaji. Nitataka kujua kwanza Jumanne saa kumi jioni ufunguo utakuwa kwa nani.