Kamshafti kwanza, hedi utanyoa baadaye

Mdogo wangu unayeanza kuunda injini hapa Dodoma, kabla hujashika spana kumbuka tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi: kila pistoni inaposhuka huvuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ambayo ingevuta Dar es Salaam. Ndiyo maana geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikikuonyesha psi 150 pale kitabu kinaposema 170, usikimbilie kumwambia mteja ringi za pistoni zimekwisha. Nimeona injini nzima ikifunguliwa bure kwa kosa hilo.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Injini yangu ya kwanza ilikuwa 22R ya Toyota Hilux, nikaifungia kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) ya mashindano kwa sababu ya mlio tu. Vijana wa Majengo walikuja kusikiliza. Barabarani, chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika gari lilikuwa kama punda aliyegoma. Ukikuta tuta unarudi gia ya kwanza. Valvu ya kuingiza hewa ilikuwa inafunga nyuzi 70 hivi za mzunguko wa krenki baada ya pistoni kufika chini. Hapo pistoni imeshapanda karibu robo ya safari yake, na hewa inarudishwa ilikotoka. Ikifunga kwenye nyuzi 50, pistoni imepanda kama sehemu moja ya nane tu. Pwani utavumilia. Huku hewa yenyewe ni ya kuokoteza, huna cha kurudisha.

Kwa hiyo gari la barabarani lipe kamshafti ya wastani, inayofunga mapema. Muuzaji atakusifia jinsi inavyoinua valvu juu. Wewe omba karatasi ya nyuzi, inayoonyesha valvu inafunguka na kufunga wapi. Kama hana, mwachie mali yake.

Ndipo uje kwenye kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi pistoni ikipanda. 22R inatoka kiwandani na 9 kwa 1: silinda ina sentimita za ujazo 592 hivi, na juu ya pistoni, gasketi ikihesabiwa, hubaki 74. Ukitaka 9.7 kwa 1, ziwe 68; hapo ndipo unanyoa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kupunguza nafasi. Pima nafasi hiyo kwa kuijaza kimiminika kwa bomba la sindano, ukiwa umeifunika kwa kipande cha kioo, usikisie. Na ukinyoa hedi, cheni ya taiming, inayozungusha kamshafti, inalegea na kamshafti inachelewa kidogo, kwa hiyo lazima uirudishe kwenye alama.

Utaniuliza: hewa ikiwa nyepesi hivi, si twende hata 10.5? Hapana, maana gari la Dodoma halikai Dodoma. Mwenyewe atapita Gairo, atashuka Morogoro, atafika pwani kwenye joto na hewa nzito, akiwa amebeba ukoo mzima, na injini itaanza kugonga, mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda. Mimi siku hizi, kabla hedi haijaenda kunyolewa, humuuliza mteja sikukuu anakula wapi. Wa mwisho aliniapia kwamba havuki Kondoa. Nikamwachia 9.7 hivyo hivyo. Desemba akanipigia simu, yuko Chalinze.