Miadi saa nne, nyingine saa tisa: hayo masaa ya katikati mimi nayapeleka makumbusho

Mkuu umeuliza ufanye nini kwa sababu una intavyuu saa nne asubuhi alafu kuna mtu wa kuonana naye saa tisa, ofisi zote mbili ziko mjini na kurudi nyumbani katikati hapo hailipi. Wadau waliotangulia wamekushauri mol, sinema, au ukae mgahawani na laptop. Mimi nasema nenda makumbusho. Na sio kwamba mimi ni mtu wa historia sana, hapana, kazi yangu ni ya kuzungukia wateja maofisini na kila mara najikuta nina masaa mawili matatu yananing'inia tu katikati ya siku, kwahiyo hivyo vyote nimeshavipitia. Mgahawani kikombe kikishaisha unaanza kuangaliwa jicho la "kaka unaongeza au?". Sinema ina saa yake ya kuanza na ya kuisha, ukitoka katikati umekosa hela na stori yenyewe hujaimaliza. Mol unatoka miguu inauma na umebeba mfuko wa kitu ambacho asubuhi hukuwa na shida nacho. Makumbusho unaingia muda wako, unatoka muda wako, kuna benchi, kuna choo, kuna ukimya, na hakuna anayekuuliza unamsubiri nani.

Ila watu wengi wakisikia makumbusho wanawaza siku nzima, wanawaza ile safari ya shule mnapangwa mstari mnapelekwa chumba kwa chumba mpaka mwisho. Achana na hiyo kabisa. Kwa mtu mwenye miadi, ziara ya saa moja ndo ziara nzuri, na mimi naenda mbali zaidi nasema hata mtu mwenye siku nzima angeenda kwa saa moja moja angefaidi zaidi. Fikiria British Museum ya London, ina vitu kama milioni 8 na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni karibu elfu 80 tu, yani asilimia moja. Louvre ya Paris ina kazi kama elfu 35 ukumbini. Hakuna aliyewahi kumaliza hivyo vitu. Kutaka kumaliza jumba zima ndani ya mapumziko yako ni sawa na kutaka kusoma magazeti yote ya kibandani wakati unasubiri basi.

Tuanze na hesabu maana hapa ndo watu wanaharibu. Kutoka saa nne mpaka saa tisa unaona masaa matano. Hayapo hayo. Intavyuu itaanza kwa kuchelewa na itaisha ikipenda yenyewe, tuseme umetoka saa tano na nusu. Toa muda wa kwenda makumbusho, toa muda wa kutoka makumbusho kwenda ofisi ya pili (na huu upime kwa foleni ya mchana, usipime kwa ramani ya simu uliyoicheki usiku ukiwa kitandani), toa kula, toa zile dakika ishirini za kufika mapema ukajifuta jasho na kuweka shati sawa. Ukishatoa vyote unabaki na saa moja na nusu, mbili kama mji umekuonea huruma. Humo humo kuna foleni ya kukaguliwa mlangoni na ya tiketi. Kwahiyo muda wa kuangalia vitu ni kama saa moja, na inatosha kabisa.

Alafu chagua makumbusho iliyo karibu na miadi ya PILI, sio ya kwanza. Wengi wanatoka ofisi ya kwanza wanaingia popote palipo jirani, matokeo yake muda wote wako ndani wanawaza usafiri. Ukishasogea karibu na unapotakiwa kuwa saa tisa, roho inatulia, unaweza hata kuongeza robo saa bila presha. Ikiwezekana iwe umbali wa kutembea kwa miguu.

Na kama mji una makumbusho kubwa maarufu na nyingine ndogo ya historia ya jiji lenyewe, mimi siku ya miadi naenda ile ndogo bila kufikiria mara mbili. Kubwa ina foleni na watalii, ina korido ndefu ambazo zenyewe tu zinakula dakika kumi. Mona Lisa ya pale Louvre ni picha ya sentimita 77 kwa 53 na mbele yake kuna umati muda wote, utaangalia visogo vya watu. Wakati hapo hapo Paris kuna Carnavalet, makumbusho ya historia ya jiji, ipo tangu 1880, maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio, na kuna chumba kimejaa mabango ya zamani ya maduka na vilabu vya mtaani, unaona kinyozi alijitangazaje, fundi wa funguo alijitangazaje, enzi ambazo wateja wengi walikuwa hawajui kusoma. Hicho kinaingia kwenye saa moja. Na kuna faida nyingine ya hizi za jiji ambayo haisemwi sana: ukitoka nje unaitembea ile ile mitaa uliyotoka kuiona kwenye picha za zamani, kwahiyo hata kwenda kwenye miadi ya pili unakuwa una kitu cha kuangalia njiani.

Kabla hujatoka nyumbani kuna vitu viwili vya kucheki. Cha kwanza ni siku ya kufungwa. Makumbusho nyingi duniani hupumzika Jumatatu, lakini hakuna sheria moja: hapo Paris Musée d'Orsay inafungwa Jumatatu, Louvre inafungwa Jumanne, na ile Met, makumbusho kubwa ya sanaa ya New York, ni Jumatano. Na uangalie saa ya mwisho ya kuingia, ambayo ni tofauti na saa ya kufunga, nyingi zinakata kuingiza watu nusu saa mpaka saa nzima kabla, na vyumba vinaanza kuondolewa watu kabla ya kengele ya mwisho. Cha pili ni tiketi. Kuna sehemu siku hizi unakata tiketi mtandaoni yenye saa maalum ya kuingia, na hiyo kwa mtu ambaye hajui intavyuu itaisha saa ngapi ni mtego, usiikate asubuhi, ikate ukishatoka ofisini kama bado zipo, au nenda ambapo hawataki saa maalum. Sehemu zisizo na kiingilio ndo rafiki zaidi wa watu kama sisi kwa sababu huoni uchungu kutoka baada ya dakika arobaini. Makumbusho za Smithsonian kule Washington ni bure, na makumbusho za taifa Uingereza zilizokuwa zinatoza zilifuta kiingilio cha maonyesho ya kudumu Desemba 2001. Pale ambapo ni lazima kulipa, na ni mji unaokwenda mara kwa mara, uliza kadi ya uanachama ya mwaka. Tiketi ya siku moja inakufanya ukomae humo ndani ili hela irudi, kadi inakuondolea hicho kiherehere.

Mizigo. Mtu wa miadi anakuwa na begi la laptop, pengine na sampuli, pengine na sanduku la magurudumu kama ametoka safari. Begi la mgongoni wengi watakwambia ulivae mbele au uliache, na wana haki maana mtu akigeuka na begi mgongoni hajui linagusa nini. Masanduku ya magurudumu ni ishu kubwa zaidi, British Museum kwa mfano hawayaruhusu kabisa kuingia nayo, sio kwamba watakutunzia. Kwahiyo kama una sanduku litafutie pa kukaa kwanza. Na ukiacha begi kwenye loka, zile karatasi za miadi ya pili, kitambulisho na simu vibaki mfukoni, usije ukawa unatoka mbio saa nane na nusu alafu mbele yako kaunta ya mizigo kuna kundi zima la wanafunzi.

Haya umeingia. Usianze chumba cha kwanza! Chumba cha kwanza kila mtu anaanza nacho, kila mtu anasoma kila kibao kwa bidii, akifika cha tatu kachoka anapita kama anakagua tu. Hili jambo lina jina na limeandikwa muda mrefu, mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, akampiga picha mtu anavyoinama, anavyochuchumaa, anavyonyoosha shingo ili aone vitu kwenye makabati na kusoma maelezo, akaonyesha kwamba mwili unachoshwa na jinsi vitu vilivyopangwa. Miaka mia na zaidi imepita na bado vibao vingine vimewekwa kwenye usawa wa magoti. Wewe una suti na una mtu wa kuonana naye saa tisa, huna sababu ya kuchuchumaa.

Chukua ramani mlangoni, chagua chumba kimoja, viwili mwisho, nenda moja kwa moja. Ndani ya hicho chumba chagua kitu kimoja ukae nacho. Kuna watafiti walikaa pale Met wakapima watu wanaangalia picha kwa muda gani, matokeo yalitoka 2001, wastani ulikuwa kama sekunde 27, tena katika nusu ya mara walizopima muda haukuzidi sekunde 17, na humo humo kuna kusoma kibao. Jaribu dakika kumi. Dakika mbili za kwanza utajiona mjinga, ya tatu utataka kutoa simu, baada ya hapo macho yanaanza kazi. Pale makumbusho ya Nairobi kuna mifupa ya yule anayeitwa kijana wa Turkana, mtoto wa kiume wa jamii ya binadamu wa kale, ilianza kuonekana 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa mifupa ya kale, alipookota kipande kidogo cha fuvu kule Nariokotome, ni ya miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Mtu anapita anasema "okei, mifupa" anasepa. Simama. Angalia mapaja yale marefu, angalia mbavu, alafu rudi juu kwenye fuvu ulinganishe na kichwa cha mtu aliyesimama pembeni yako (kwa adabu). Unaona mwili unafanana na wetu kabisa alafu kichwani kuna habari nyingine. Hiyo huipati kwa sekunde 17.

Jambo la mwanga, maana linawasumbua wengi: ukitoka juani ukaingia chumba cha nguo za kale au michoro ya karatasi utadhani wamebana umeme. Ni makusudi. Karatasi, vitambaa na rangi za maji huwekwa kwenye mwanga wa kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati jua kali la nje linafika hata luksi laki moja, na uharibifu wa mwanga haurudi nyuma, unajumlishika tu mwaka hadi mwaka. Ndo maana flashi inakatazwa na ndo maana vitu vingine vinaonyeshwa miezi michache vinarudishwa stoo. Kaa kwenye benchi dakika kadhaa macho yazoee kabla hujalalamika huoni kitu. Vyumba vingi vina ubaridi pia, kwahiyo koti la intavyuu usiliache kaunta.

Walinzi wa vyumba ni hazina jamani. Wanakaa na hivyo vitu siku nzima. Mimi nauliza swali moja tu, "hapa watu wanapita kitu gani bila kukiona?", na majibu ninayopata yanazidi maelezo ya kwenye vifaa vya masikioni, ambavyo kwa ziara fupi hata sivikodi maana vinakuburuta kwa mwendo wake.

Simu weka mtetemo na weka alamu mbili, ya kuanza kutoka na ya kuwa nje tayari. Usitegemee kuangalia saa, vyumba vingi havina dirisha na muda unapotea vibaya. Na vile vya chini ya ardhi mtandao unakata, sasa kama yule mtu wa saa tisa ana tabia ya kubadilisha muda dakika za mwisho basi panda juu kila baada ya muda, au kaa ghorofa zenye madirisha. Simu za kazi toka nje kapige, sauti kwenye zile kumbi inasafiri mpaka chumba cha nne.

Kitu kingine, chagua kulingana na unachotoka kukifanya. Kabla ya kikao kigumu mimi nataka vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vyungu, saa, vyombo vya mabaharia, kitu cha kuangalia tu bila kubishana nacho. Vyumba vya vita na utumwa ni vya muhimu sana ila sivipangi kwenye mapengo ya namna hii, ukitoka mle unahitaji muda wako mwenyewe, na ukikimbilia kikaoni unakuwa hujakitendea haki chumba wala kikao. Na kama miadi yako ni ya kusubiri majibu ya vipimo hospitali, nitakuwa mkweli, makumbusho inaweza isikusaidie, kuna siku akili haitaki kuona chochote cha zamani, bustani ya nje ya makumbusho inatosha.

Kwa ratiba yako wewe: toka intavyuu, sogea upande wa ofisi ya pili, kula kwanza maana mtu mwenye njaa haangalii kitu, ingia kama saa saba kasoro, chumba kimoja, saa nane kamili alamu ya kwanza ilie. Na kama saa saba na nusu bado wamekushikilia kwenye intavyuu, sahau makumbusho, hiyo ni dalili nzuri, nenda kale tu.