Mbwa aliyepigwa kichwa na kondoo

Ndugu yangu wa Igunga, umesema mbwa wako jike wa kuchunga alipigwa kichwa na kondoo mwenye mtoto, na tangu hapo hataki kusogelea zizi. Pole sana. Usimchape wala kumburuta arudi, utamharibia moyo kabisa.

Watu hucheka wakisikia mbwa kaonewa na kondoo. Mimi niliacha kucheka siku dume langu la kondoo lilipombana mbwa wangu kwenye ua wa miiba. Aliinuka, akajikung'uta, nikadhani yamekwisha. Jioni hakugusa ugali. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Damu ilikuwa inavujia ndani. Kwa hiyo leo hii mwangalie ufizi, pumzi na tumbo. Ukiona ufizi umepauka au anahema juu juu, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Na tafadhali, usimpe diklofenaki, ile dawa yako ya maumivu ya mgongo, humdhuru mbwa tumbo na figo.

Kondoo mwenye mtoto hakimbii. Hugeuka, hupiga mguu wa mbele chini, kisha huinamisha kichwa. Ukiona mguu ule, mwite mbwa arudi nyuma. Penye kona ndipo anapoumia, hana pa kukwepea.

Akishapona, mwanzishie kondoo wachanga walioachishwa kunyonya, mahali pa wazi, asubuhi kabla ya jua kali, wewe ukitembea naye bega kwa bega. Kama una dume la kondoo, litenge.