Planta ya mahindi kwa ekari mbili: kununua au kutengeneza?

Ndugu yetu wa Jomvu ameuliza swali ambalo hata mimi nililiuliza miaka minne iliyopita. Ana ekari mbili upande wa Mariakani, vibarua wa kupanda hawapatikani masika yanapoanza kwa kuwa kila mtu yuko shambani mwake, na anataka kujua iwapo ipo mashine ya kupandia mahindi ya bei ya mtu wa kawaida, ile ambayo wauzaji huiita planta, au amtafute fundi amtengenezee. Mimi naishi Likoni na nalima ekari moja na nusu Matuga, Kwale. Nilinunua moja, baadaye nikatengeneza nyingine, na zote mbili nimezipandia kwa mikono yangu, kwa hivyo ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona.

Niliyonunua ni ya kusukuma, yenye gurudumu moja kubwa lililozungukwa na midomo ya chuma. Gurudumu likibiringika, kila mdomo huchoma ardhi, hufunguka na kuacha punje. Wazo lenyewe ni zuri, na kwa Afrika si geni: taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, iliyoko Ibadan nchini Nigeria, ilibuni mashine ya namna hiyo katika miaka ya 1970. Lakini mashine hiyo hutaka ardhi iliyolimwa ikalainika na kusawazishwa, isiyo na visiki wala magugu yaliyolala, ilhali shamba langu lina mizizi ya mikorosho na nyasi zisizoisha. Kila gurudumu liliporuka juu ya mzizi, midomo miwili au mitatu ilipita hewani. Kibaya zaidi, sahani ya mbegu iliyokuja nayo ilikuwa na vitundu visivyolingana na punje nilizonunua, na nilipokuwa nikisukuma sikuwa na njia ya kuona kama mbegu inatoka. Nilikuja kujua siku ya kumi, mahindi yalipochomoza yakiwa na mapengo ya hatua nzima. Nilirudishia kwa jembe, lakini miche ya kurudishia iliyochelewa juma moja na nusu ilifunikwa na wenzake, na mingi haikutoa gunzi la maana. Hasara ya msimu ule ilinihuzunisha sana, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri na kosa halikuwa la mbingu.

Kwa ekari mbili, ndugu yangu, ushauri wangu ni kipandio cha mkono cha kuchoma. Wakulima wadogo wa Brazili wamekitumia kwa miaka mingi na hukiita matraca. Ni mbao mbili ndefu zilizounganishwa kwa bawaba karibu na chini, mfano wa mkasi mkubwa, na chini yake kuna mdomo wa chuma wa vipande viwili. Ubao mmoja hubeba kikasha cha mbegu, na ule wa pili umeshikilia kitelezi, yaani kibao chembamba chenye tundu moja kinachopita chini ya kikasha hicho. Ukitanua mipini, mdomo hufumba, na kitelezi huchomoka na punje tunduni, ikadondoka kupitia bomba hadi ndani ya mdomo. Unachoma ardhi mdomo ukiwa umefumba, kisha unabana mipini: mdomo unafumbuka ardhini na kuacha punje, huku kitelezi kikirudi chini ya kikasha kujaza tundu kwa ajili ya shimo linalofuata. Unainua, unapiga hatua, na kisigino chako kinafukia shimo. Kunguru wetu wa Pwani hawasubiri mwaliko, kwa hivyo kufukia kusipuuzwe.

Changu nilikitengeneza kwa fundi wa jua kali hapa Likoni. Mbao zilikuwa za mvinje, ambao ni mgumu na unapatikana kwa urahisi Kwale na Kilifi, ila lazima ukauke kwanza, la sivyo hupasuka baada ya misumari kuingia. Mdomo ulikatwa kutoka majembe mawili yaliyochakaa. Chuma hicho ni kizuri kuliko bati jipya unalouziwa dukani, maana hakipindi kikigonga jiwe. Bawaba ni za mlango, kikasha ni dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa, na bomba ni kipande cha plastiki cha nchi moja na nusu. Kitelezi nilikikata mwenyewe kutoka kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kwa sababu plastiki haivimbi ikilowa kama plaiwudi. Vifaa pamoja na ujira wa fundi vilinigharimu shilingi 2,300.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine yote. Iwe utanunua au utatengeneza, iwe ya gurudumu au ya mkono, mashine ya kupandia ni tundu la mbegu. Sehemu nyingine ni fremu ya kulibeba tundu hilo. Likiwa pana, punje mbili huingia, na utapoteza mbegu na muda wa kung'oa miche iliyozidi. Likiwa finyu, punje hukwama na utapata mapengo kama yangu. Punje za mahindi hazilingani: zilizotoka katikati ya gunzi ni bapa, na za shinani na nchani ni za duara, na kila mfuko wa mbegu una sura yake. Mimi hupanda Pwani Hybrid 4, na hata mfuko wa jina hilohilo msimu mmoja ulikuwa na punje kubwa kuliko wa msimu uliotangulia. Kwa hiyo usikubali kipimo cha mtu mwingine, changu kikiwemo. Anza na kitelezi chenye unene wa milimita 6 hivi, toboa kwa keekee tundu la milimita 10, kisha lipanue kidogo kidogo kwa tupa ya mviringo ukijaribu na mbegu utakayoipanda.

Jaribio lenyewe ni rahisi na hufanyika nyumbani. Tandika mkeka, jaza kikasha, fungua na ubane mara 100, na kila mara uandike kama imetoka punje moja, mbili au hakuna. Jaribio langu la kwanza lilitoa mapengo 23 na punje mbilimbili mara 17, na laiti ningeishia hapo ningerudia hasara ileile. Nilifanya mambo mawili. Kwanza, nilichekecha mbegu nikatenga zilizo kubwa mno na ndogo mno, nikazipanda kwa mkono pembeni mwa shamba. Pili, niligongomelea kipande cha brashi ya viatu pale kitelezi kinapotoka chini ya kikasha, kwa kuwa punje ya pili inayokaa juu ya tundu lazima ifagiliwe. Kipande cha bati hapo kingezivunja punje, lakini nywele za brashi huzisukuma tu. Mara ya tatu nilipata mapengo manne na punje mbilimbili mara saba. Hapo ndipo nilipokibeba, nikaenda nacho Matuga.

Kuhusu muda, hesabu inasaidia kuamua. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Nikiwa nimezoea, kila shimo lilinichukua takriban sekunde 3, yaani saa 15 za kazi, ambazo kwa mtu mmoja ni siku mbili nzito. Lakini ukiweka sentimita 75 kwa 50, punje mbili kila shimo, mashimo hupungua hadi kama 10,800 na saa zikawa 9, huku idadi ya miche ikifika 21,600 iwapo yote itaota. Ndiyo maana nina kitelezi cha pili chenye tundu la punje mbili, na mwaka huu nilikitumia kwenye nusu ya shamba iliyo mbali na kisima. Kamba yenye mafundo kila sentimita 50 itandazwe kwanza. Bila kamba, mstari hupinda na palizi huwa taabu.

Mbegu pia huokolewa. Pendekezo la kawaida ni kilo 10 kwa ekari, na punje 1,000 huwa na uzito wa gramu 300 hivi, kwa hiyo punje 18,000 hazifiki kilo 6. Mimi hununua zaidi ya hapo kwa ajili ya kurudishia, lakini tofauti inaonekana mfukoni.

Kama bado moyo wako uko kwenye gurudumu, na shamba lako ni safi na tambarare, fundi anaweza kutumia ringi ya baiskeli ya nchi 26. Ringi hiyo bila tairi ina mzunguko wa karibu mita 1.8, kwa hiyo sahani ya mbegu yenye vitundu sita inayozunguka pamoja nayo itadondosha punje kila sentimita 30. Pima kwa uzi ringi uliyonayo kabla ya kutoboa, kwa sababu za nchi 28 hazitoi hesabu hiyo.

Udongo nao una usemi wake. Matuga kwangu ni kichanga, na mdomo huingia hata mvua ikiwa haijalowesha sana. Huko hupanda kina cha sentimita 6, kwa kuwa juu hukauka upesi. Katika udongo mfinyanzi mbichi mdomo huziba, na utajikuta ukidhani unapanda kumbe punje zote zimenasa kwenye tope. Subiri siku moja baada ya mvua kubwa, tembea na kijiti cha kuzibulia, na uchungulie mdomoni kila baada ya mashimo ishirini. Chomelea bapa la chuma ubavuni mwa mdomo liwe kizuizi cha kina, maana mkono ukichoka mashimo huwa mafupi.

Mbolea usiipitishe humo. Vipo vipandio vyenye vikasha viwili, lakini DAP ikikaa pamoja na mbegu huiunguza, na chembe zake hula chuma. Mimi humtanguliza kijana anayechimba kishimo kando ya kila fundo la kamba, kiasi cha sentimita 5 kutoka kwenye mbegu na chini kidogo yake, akatia kizibo cha soda kimoja na kufukia. Hiyo huongeza kazi, nalikubali hilo, ila miche haijaungua tena.

Mbegu zilizotiwa dawa zina vumbi la rangi linaloshika vidole, kwa hiyo vaa glavu wakati wa kujaza kikasha, na dumu hilo lisirudi jikoni kamwe. Jioni mwaga mbegu zilizobaki, osha mdomo, upake mafuta, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hailali. Vitelezi vyangu nimeviandika kwa kalamu ya wino usiofutika: kimoja cha punje moja, kimoja cha punje mbili, na cha tatu chenye tundu la milimita 8 cha kunde, ambazo huzichomeka kati ya mistari mahindi yanapofika magotini.