Kinachowavuta wakusanyaji kwenye filamu adimu za watu wazima za Japani

Mwenye uzi ameuliza kwa nini mtu atoe fedha nyingi kununua filamu chakavu ya Kijapani ya miaka ya 1960, ilhali picha za uchi zimejaa mtandaoni bure. Nimekusanya mabango na kanda za filamu hizo, ambazo Wajapani huziita pinku eiga, kwa muda mrefu, na naamini uchi ndio sehemu ndogo kabisa ya mvuto wake.

Uadimu wake ulitokana na biashara yenyewe. Kampuni ndogo zilipiga filamu ya saa moja hivi kwa siku chache, kwa takriban yeni milioni 3, zikatoa nakala chache za milimita 35, nazo zikazungushwa kutoka jumba moja la sinema hadi jingine mpaka zikachakaa na kutupwa. Filamu ya Nikutai no Ichiba ya mwongozaji Satoru Kobayashi, iliyotoka mwaka 1962 na maonyesho yake kukatizwa na polisi, imebaki dakika 21 tu hivi.

Lakini waliozitengeneza hawakuwa wababaishaji. Mradi matukio ya mapenzi yalitosha, wenye mtaji hawakujali mengine, na mwongozaji Koji Wakamatsu aliutumia mwanya huo kusema hasira zake za kisiasa. Filamu yake ilipoonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 1965, serikali ya Japani ililalamika. Mwongozaji Yojiro Takita, ambaye filamu yake ilipata Oscar mwaka 2009, alianzia kwenye pinku eiga hizo hizo.

Kwangu mimi, raha kubwa iko katika upelelezi. Filamu ya zamani ilirudishwa sokoni kwa jina jipya na bango jipya, kwa hiyo unalazimika kulinganisha majina ya waigizaji na ya mwongozaji, herufi kwa herufi, kabla ya kujua kama umepata kitu kipya au kile kile ulichonacho. Nyingi za miaka hiyo, aidha, ni za rangi nyeusi na nyeupe, kisha rangi kamili hujitokeza ghafla katika matukio ya mapenzi peke yake, jambo ambalo bado linanishangaza kila nikiliona.

Anayetaka kuanza aanze na mabango ya ukubwa wa B2, yenye sentimita 51.5 kwa 72.8, kwa kuwa mara nyingi karatasi hudumu kuliko filamu. Kanda za video za Kijapani ni za mfumo wa ishara za picha uitwao NTSC, hivyo hakikisha kwanza kwamba deki na televisheni yako vinaukubali.